Albamu imetoka, ziara imefutwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 4 Februari 2022 albamu mbili zilitoka siku moja. Ya kwanza ni Ants From Up There ya Black Country, New Road, vijana wa Uingereza ambao bendi yao ilianzia Cambridgeshire. Ya pili ni Time Skiffs ya Animal Collective, bendi ya Marekani yenye asili ya Baltimore. Zote mbili zilisifiwa sana. Na kabla ya mwaka huo kwisha, bendi zote mbili zilikuwa zimewatangazia mashabiki kwamba maonyesho waliyokuwa wakiyasubiri hayatakuwepo. Moja ilisimama kwa sababu mwimbaji wake hakuweza tena kubeba mzigo. Nyingine ilisimama kwa sababu hesabu zilikataa.

Hayo ndiyo mambo mawili yanayorudi kila bendi huru, yaani isiyo chini ya kampuni kubwa za muziki, inapofuta ziara huku albamu mpya ikiwa bado ya moto. Maswali yaliyo hapa chini ni ya msikilizaji anayeipenda bendi yake, aliyenunua tiketi mapema, na sasa hajui akasirike au ahuzunike.

Ilikuwaje Black Country, New Road wakafuta ziara siku nne tu kabla ya albamu kutoka?

Tarehe 31 Januari 2022 Isaac Wood, mwimbaji na mpiga gitaa, alitangaza kwamba anaondoka. Aliandika ujumbe mfupi, kwa maneno ya kawaida kabisa: amekuwa akihisi huzuni na woga, na hali hiyo inamfanya ashindwe kupiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja. Alisisitiza kwamba wenzake hawana kosa lolote. Wenzake nao wakasema wataendelea kuwa bendi, na kwamba uamuzi wake wanauheshimu. Maonyesho yaliyokuwa yamepangwa yakafutwa, yakiwemo ya Marekani.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, lazima ujue bendi ilikuwa imefika wapi. Albamu yao ya kwanza, For the First Time, ilitoka Februari 2021 chini ya lebo ya Ninja Tune. Ilifika nafasi ya nne kwenye chati ya Uingereza na kuingia kwenye orodha ya wanaowania Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland, mwaka huohuo. Ilitoka wakati Uingereza imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, kwa hiyo hawakuweza kuizungusha ukumbini kama bendi changa inavyotakiwa kufanya. Kiangazi cha 2021 wakaenda kisiwa cha Wight kurekodi ya pili. Watu saba chumba kimoja: gitaa mbili, besi, ngoma, kinanda, saksafoni na fidla. Ulimwengu ulikuwa umeanza kufunguka, na safari hii zamu ya jukwaa ilikuwa imewadia kweli.

Albamu ilipotoka, siku nne baada ya tangazo, ilipanda hadi nafasi ya tatu. Ni nadra kwa bendi kufika juu namna hiyo katika juma ambalo haina mwimbaji wala onyesho.

Kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini hawakuahirisha albamu pia?

Swali hili huulizwa kana kwamba albamu na ziara ni kitu kimoja. Siku albamu inapokufikia wewe, kwa bendi ni kazi iliyokwisha zamani. Sauti zilirekodiwa miezi mingi nyuma, zikachanganywa, zikapelekwa kiwandani, jalada likachapwa, na maboksi yakawa yameshafika kwenye ghala za maduka. Ziara ni kinyume chake: bado haijafanyika hata kidogo. Ni kazi itakayofanywa na miili ya watu hao usiku hadi usiku.

Halafu kuna santuri. Bendi huru hutegemea sana mauzo ya santuri, na miaka hiyo foleni ya viwandani ilikuwa ndefu kupita kawaida. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kilichokuwa Banning, California, kiliteketea kwa moto. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani maalumu ambazo santuri huchongwa juu yake mara ya kwanza. Cha pili kiko Japani. Ikaja korona, watu wakakaa nyumbani na kununua santuri kwa wingi. Ikaja Novemba 2021, Adele akatoa albamu yake iliyochapwa nakala zaidi ya laki tano za santuri, na bendi ndogo nyingi zikajikuta zinasubiri nyuma kabisa ya mstari. Bendi iliyoshika nafasi kwenye foleni kama hiyo, ikachapiwa, ikaletewa mzigo, haiwezi kusema tu tusogeze miezi sita. Mzigo uko kwenye maduka, na baadhi ya wanunuzi wamelipa tangu mwaka uliopita.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Albamu ile ilikuwa kazi ya watu saba. Kuizuia kungekuwa kuuzika mchango wa kila mmoja, pamoja na wa huyo aliyeondoka. Kuitoa ilikuwa njia ya kumheshimu.

Lakini walibaki sita. Si wangemtafuta mtu wa kuimba nafasi yake?

Wangeweza. Bendi nyingi zimefanya hivyo na watu wakalipa kiingilio. Wao walikataa, na uamuzi huo unastahili kuangaliwa vizuri.

Walisema hawatapiga tena nyimbo za albamu mbili za kwanza bila Isaac. Nyimbo zile zilikuwa na maneno yake, pumzi yake, hata namna yake ya kukawia kabla ya mstari kuanza. Kumweka mtu mwingine aimbe huzuni ya mwenzao ambaye ndiyo kwanza ameshindwa kuibeba lingekuwa jambo gumu kwa yule mgeni, na gumu zaidi kwa mwenye nyimbo akiwa nyumbani. Kwa hiyo wakaanza upya. Matamasha ya kiangazi cha 2022 yalikuwa yanakuja, nao walikuwa hawana hata wimbo mmoja wa kupiga. Ndani ya miezi michache wakatunga onyesho zima jipya, wakagawana kuimba: Tyler Hyde mpiga besi, Lewis Evans mpiga saksafoni na May Kershaw wa kinanda. Watu hawa hawakuwa waimbaji wakuu hapo kabla. Wakapanda majukwaa ya matamasha makubwa ya Ulaya, mbele ya watu waliokuja wakiwa na albamu nyingine kichwani.

Fikiria ujasiri unaotakiwa hapo. Albamu yako inauzwa, iko nafasi ya tatu nchini, kila mtu anaimba mistari yake, na wewe unapanda jukwaani ukijua hutagusa hata wimbo mmoja kati ya hizo. Meneja yeyote wa zamani angesema mnatupa pesa. Waliitupa kweli, na wakapata kitu kingine ambacho nitakieleza chini.

Kufuta, kuahirisha na kupunguza ziara: tofauti ni ipi?

Kufuta ni kwamba onyesho halipo tena. Kuahirisha ni kwamba lipo ila tarehe nyingine, na tiketi yako kwa kawaida inaendelea kufanya kazi. Kupunguza ni pale bendi inapofuta miji fulani na kubakiza mingine. Soma tangazo neno kwa neno kabla hujafanya lolote, kwa sababu haki yako ya kurudishiwa pesa inategemea ni lipi kati ya hayo matatu. Ukiona tangazo linasema tarehe mpya zitatajwa baadaye bila kuzitaja, hilo ni ahirisho lisilo na mwisho, na ni halali kabisa kumwandikia muuzaji wa tiketi kuuliza.

Animal Collective ni bendi kubwa. Bendi kubwa inakosaje pesa za ziara?

Oktoba 2022 Animal Collective walitangaza kufuta ziara yao ya Uingereza na Ulaya iliyokuwa ifanyike Novemba. Walieleza bila kuzunguka: mfumuko wa bei, sarafu kushuka thamani, na gharama za usafirishaji zilizovimba. Walikuwa wamejaribu kupanga bajeti, wakakuta kwamba hata kila kitu kikienda vizuri kadiri inavyowezekana, bado wangerudi nyumbani na hasara.

Shika hilo: hata kila kitu kikienda vizuri. Watu hudhani bendi hufuta kwa sababu tiketi hazijauzwa. Hutokea. Lakini hapa hata ukumbi ukijaa hadi mlangoni, hesabu haifungi.

Tazama walivyobanwa. Bendi ya Marekani ikipiga London hulipwa kwa pauni, ikipiga Berlin hulipwa kwa yuro. Ndege, mizigo na wafanyakazi wengi hulipwa kwa dola. Mwishoni mwa Septemba 2022 pauni ilianguka hadi karibu dola 1.03, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake, na yuro nayo ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Malipo ya ukumbi yalikuwa yameshakubaliwa miezi mingi kabla ya anguko hilo. Kwa hiyo bendi ingefanya kazi ileile, mbele ya watu walewale, na kupokea kidogo zaidi. Ongeza kwamba wanabendi wenyewe hawaishi mji mmoja. Mmoja wao, Noah Lennox, amekaa Lisbon kwa miaka mingi. Hata kukutana kufanya mazoezi ni gharama.

Kisha hesabu vichwa. Mbali na wanaoonekana jukwaani kuna fundi sauti, meneja wa ziara, dereva, mara nyingine fundi taa na muuza fulana. Wote wanakula, wanalala, wanalipwa, hata siku ambayo hakuna onyesho. Baada ya korona kila bendi duniani ilitoka kwa wakati mmoja, mabasi ya kulala na mafundi wazuri wakawa adimu, na bei ikapanda. Mtu mmoja akiugua korona katikati ya safari, maonyesho yanaanguka lakini basi bado linadai.

Santigold, mwimbaji wa Marekani, alipitia hayohayo. Albamu yake Spirituals ilitoka Septemba 2022, na mwezi huohuo akafuta ziara ya Marekani iliyokuwa ifuate. Barua yake kwa mashabiki ilikuwa ndefu na ya wazi kuliko nyingi za aina hiyo: alitaja mafuta, mabasi, hoteli, nauli za ndege, kumbi zilizojaa ratiba, na pia alivyochoka yeye mwenyewe. Mapema mwaka huo, mwezi Aprili, Little Simz, rapa wa Uingereza, alifuta ziara yake ya Marekani. Yeye ni msanii huru anayejilipia kila kitu, akasema mwezi mmoja tu wa kuzunguka kule ungemwacha na deni kubwa. Oktoba mwaka huo albamu yake ikashinda tuzo ya Mercury. Msanii bora wa albamu nchini Uingereza alikuwa hana uwezo wa kuipeleka albamu hiyo Marekani kwa mfuko wake.

Viza inahusikaje?

Kuliko watu wengi wanavyojua.

Bendi ya nje ikitaka kupiga Marekani kwa malipo, haiombi viza ya kutembea. Wakala wa Marekani anapeleka kwanza maombi idara ya uhamiaji, kwa viza za wasanii za aina ya O au P. Hadi Machi 2024 maombi hayo yaligharimu dola 460. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 yakapanda hadi dola 1,655 kwa O na 1,615 kwa P, yakiwa na nafuu kwa waajiri wadogo na mashirika yasiyo ya faida. Ukitaka jibu la haraka, nyongeza ya mwaka huo ilikuwa dola 2,805. Hapo bado kila mwanabendi hajalipa dola 205 za ubalozi na nauli ya kwenda kuhojiwa. Ziara ikivunjika, hakuna anayerudishiwa. Kuna na kodi: mwandaaji wa Marekani anaweza kutakiwa kukata asilimia 30 ya malipo yote ya msanii wa nje, kabla hata gharama hazijatolewa, isipokuwa msanii awe amefunga makubaliano maalumu mapema na mamlaka ya kodi.

Bendi za Uingereza zimeongezewa na Ulaya. Tangu nchi yao itoke Umoja wa Ulaya, mwanamuziki wa Uingereza anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), ala zake zikisafirishwa kama shehena zinahitaji hati ya forodha inayotaja kila kifaa, na malori makubwa ya Uingereza yanaruhusiwa vituo vichache tu kabla ya kurudi kwao. Zamani bendi changa ilijaza gari ikavuka bahari na kupiga miji kumi. Siku hizi inaanza na makaratasi.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana hapa. Wasanii wa singeli kutoka Dar es Salaam na wale wanaotoka Kampala kupitia mtandao wa Nyege Nyege, tamasha na lebo ya Uganda, wanajua maana ya kuwa na jina kwenye bango la tamasha Ulaya huku pasipoti ikiwa bado ubalozini. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024, nayo ukinyimwa hurudishiwi. Ukiona onyesho la msanii wa kwetu limefutwa Berlin au Paris, usikimbilie kumlaumu. Huenda alikuwa tayari na sanduku limefungwa.

Sababu za afya ya akili, si kisingizio tu cha kuficha tiketi kutouzwa?

Hapana. Sipendi swali hili, lakini linaulizwa, kwa hiyo nalijibu kikamilifu.

Septemba 2022 Arlo Parks, mwimbaji wa Uingereza, alifuta sehemu ya maonyesho yake Marekani. Alikuwa ameshinda tuzo ya Mercury mwaka mmoja kabla yake, kumbi zilimtaka, na watu walikuwa wamenunua. Akasema amechoka kupita kiasi na hali yake imeshuka hadi kuwa ya hatari, akarudi London kupumzika. Mtu wa aina hiyo anaficha nini? Kila onyesho analofuta linamgharimu, kwa sababu malipo hayaji na madeni yaliyokwishaingiwa yanabaki. Bima ya ziara ipo, lakini nyingi huweka masharti makali sana kwa maradhi ya akili, na baada ya 2020 nyingi ziliiondoa korona kabisa.

Maisha yenyewe ya ziara ndogo hayana anasa. Unaamka kiti cha nyuma cha gari, unashusha vifaa mwenyewe, unapima sauti, unasubiri kwa muda wa saa nne, unapiga kwa muda wa saa moja na nusu, unauza fulana mlangoni ukitabasamu, unapakia tena, unalala saa chache. Na wimbo unaotakiwa kuuimba kila usiku huenda ni ule ulioutunga siku mbaya kuliko zote maishani mwako. Mwenye kuvunjika mguu hatuulizi kama anasingizia. Mwenye kusema ameshindwa kuimba aaminiwe vivyo hivyo.

Pesa yangu ya tiketi itarudi?

Onyesho likifutwa, ndiyo, bei ya tiketi yenyewe hurudi kwako kupitia kwa muuzaji uliyenunua kwake, kwa njia ileile uliyolipia. Ada za huduma na za kutuma tiketi ni suala lingine; wauzaji wengi hawazirudishi. Usimwandikie msanii kumdai. Pesa yako kwa kawaida haiko kwake, iko kwa muuzaji au kwa promota.

Kwa walio Uingereza: ukilipa kwa kadi ya mkopo na tiketi moja ikiwa na bei inayozidi pauni 100, sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 inaifanya kampuni ya kadi nayo kuwajibika. Tiketi za bendi huru mara nyingi ni za bei ya chini ya hapo, kwa hiyo njia ya kweli ni kuiomba benki irudishe muamala, jambo linalowezekana hata kwa kadi ya kawaida. Usikae sana, kuna muda wa mwisho. Marekani mambo hutofautiana kwa jimbo na kwa muuzaji, ila onyesho lililofutwa moja kwa moja kwa kawaida hurudishiwa bila hata kuomba. Ni lililoahirishwa ndilo lenye usumbufu: wakikupa dirisha la kuomba pesa, omba ndani ya muda huo au ukubali tarehe mpya.

Jihadhari na wanaokutumia ujumbe wakijiita mawakala wa kurudisha pesa za tiketi. Muuzaji halali hahitaji namba ya siri ya kadi yako ili akurudishie.

Nilinunua kwa mtu, si kwa muuzaji rasmi.

Pesa itarudi kwa mnunuzi wa kwanza. Wewe utamdai yeye. Kama mlipitia mtandao wa kuuziana tena, soma masharti yake, kwani mingi huwa na dhamana ya onyesho lililofutwa.

Nauli na hoteli je?

Kwa kawaida hazirudi. Kwa ziara za bendi huru, weka hoteli inayokubali kughairiwa, hata ikiwa ghali kidogo.

Nataka kuisaidia bendi bila onyesho. Nifanye nini kinachofika kweli?

Nunua albamu. Usikilizaji wa mitandaoni ni mzuri kwa kuijulisha bendi, lakini hauilishi. Spotify tangu 2024 haihesabii malipo wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Bandcamp, mtandao wa kununulia muziki, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijiti na 10 ya bidhaa, na mara kadhaa kwa mwaka, siku ya Ijumaa, huachia sehemu yake yote. Desturi hiyo ilianza Machi 2020, kumbi zilipofungwa. Ukinunua siku kama hiyo, karibu kila senti inakwenda kwa msanii au lebo yake.

Fulana na santuri, nunua kwenye duka la bendi yenyewe. Watu wachache wanajua kwamba fulana unayoinunua ukumbini mara nyingi hukatwa kamisheni na wenye ukumbi, hata kama ukumbi haukuchangia uzi mmoja. Jambo hilo liliwachosha wasanii kiasi kwamba Januari 2022 muungano wa wasanii wa Uingereza, Featured Artists Coalition, ulianza kuchapisha orodha ya kumbi zisizokata chochote. Kama bendi imefuta ziara, fulana hizo zipo ghalani kwa maboksi, zikiwa na orodha ya miji mgongoni. Zimeshalipiwa. Zinunue.

Na usisahau kumbi ndogo za kwenu. Mwaka 2023 kumbi ndogo 125 zilifungwa Uingereza, kwa hesabu ya Music Venue Trust, shirika linalotetea kumbi hizo. Black Country, New Road walikulia kwenye baa kama hizo. Mwisho wa 2020 waliungana na bendi ya black midi kupiga onyesho la mtandaoni la kuichangia Windmill, baa ya Brixton, London, isife. Kila ziara inayofutwa inapunguza usiku mmoja wa mapato kwa ukumbi ambao huenda una nyakati ngumu kuliko bendi yenyewe. Nenda kamsikilize mwingine hapo.

Naweza kumwandikia msanii aliyejitoa kumuuliza atarudi lini?

Usifanye hivyo. Ukitaka kuandika, andika kwamba albamu ilikufaa, na usidai jibu. Isaac Wood alieleza kwa nini anaondoka. Hajaahidi kurudi na hadaiwi na mtu. Wale wanaosambaza uvumi kila mwaka kwamba yuko njiani kurudi wanamnyima utulivu, na wanawavunjia heshima sita waliobaki kufanya kazi.

Bendi ikifuta ziara katikati ya albamu, si ndiyo mwisho wake?

Mara nyingine ni mwisho. Kwa Black Country, New Road haikuwa.

Desemba 2022 waliingia Bush Hall, ukumbi wa karne iliyopita huko Shepherd's Bush, London, wakapiga nyimbo zile mpya zilizotungwa kwa ajili ya kiangazi, wakarekodi sauti na picha. Machi 2023 ikatoka kama Live at Bush Hall. Hakuna hata wimbo mmoja wa zamani ndani yake. Wimbo wa kwanza ni kiapo cha urafiki kinachoimbwa na kundi zima kwa sauti ya juu, bila aibu yoyote, na watu ukumbini wanauimba nao ingawa haujawahi kutoka popote. Hicho ndicho walichokipata badala ya pesa waliyoitupa: mashabiki waliokubali kuwafuata mahali ambapo hakuna albamu ya kujifunzia.

Aprili 2025 ikaja Forever Howlong, albamu ya studio, chini ya mtayarishaji James Ford. Sasa wanaoimba ni Tyler Hyde, Georgia Ellery mpiga fidla na May Kershaw. Ni bendi tofauti. Muziki una nafasi zaidi, sauti za wanawake watatu zinapokezana na kuungana, na ile hofu iliyokuwa ikikaba koo kwenye Ants From Up There haimo. Wapo wanaoikumbuka na kuitaka irudi. Naelewa. Lakini hofu ile ilikuwa ya mtu, na mtu huyo aliilipia.

Mimi ni mgeni kwa bendi hii. Nianze wapi?

Anza na Ants From Up There yote, kwa mpangilio wake, karibu saa nzima, bila kurukaruka. Wimbo wa mwisho, Basketball Shoes, una zaidi ya dakika kumi na mbili, na ndio ambao mashabiki wengi hawakuwahi kuusikia ukipigwa moja kwa moja baada ya albamu kutoka. Kisha tafuta video ya Bush Hall na uitazame badala ya kuisikiliza tu, hasa May Kershaw anapofika kwenye Turbines/Pigs na wenzake wanangoja dakika kadhaa kabla ya kuingia. Forever Howlong iache ya tatu. Kama wana tarehe mjini kwako, nunua kwa muuzaji rasmi, na uende ukijua kwamba nyimbo za albamu mbili za kwanza hazitapigwa.